Paka Anataka Pakavu, Konokono Anataka Pabichi

Hotuba kwa wakulima wa bustani za nyumbani, Walukuba, Jinja, Uganda, mvua za Machi zilipoanza

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioegesha boda boda hapo nje mkaja kusikiliza habari za konokono: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mwenyekiti alipokuja kunialika alinitajia mambo mawili: konokono wanaomaliza miche, na paka wanaofukua matuta. Nikamwambia, mzee, hizo ni mada mbili, tuzipangie siku mbili. Akanijibu, "Mwalimu, tuta ni lile lile moja." Nikanyamaza, maana amenifupishia hotuba nzima.

Paka akiingia bustanini hatafuti dodo, yaani mchicha, wala sukuma. Anatafuta mahali pakavu, palipo wazi, penye udongo laini, afukue, ajisaidie, afukie, aende zake. Konokono ni kinyume chake kabisa: anataka unyevu, kivuli, na kitu cha kujificha chini yake mchana kutwa. Sasa angalieni tunachofanya. Paka wakituchosha, tunatandaza majani mazito ya migomba juu ya tuta lote na tunamwaga maji mpaka udongo ushikane. Paka anaacha. Hazipiti wiki nyingi, konokono wamejaa chini ya yale majani na miche ya saladi imebaki vijiti. Tunakasirika, tunaondoa matandazo yote, tunalima udongo mpaka unakuwa unga, tunamwaga majivu. Konokono wanapungua. Paka wa Walukuba nzima wanapashana habari. Msimu unaofuata tunarudia majani. Kuna watu wanakwenda hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila msimu wana mnyama mwingine wa kumlaumu.

Kwa hiyo nisichotaka kuwapa leo ni orodha ya dawa za konokono na nyingine ya dawa za paka. Nataka tupange tuta moja ambalo halimpendezi yeyote kati yao.

Nitaanza na konokono, na nitakaa kwake muda mrefu, kwa sababu paka ana akili, na mwenye akili ni rahisi kuelewana naye.

Nikisema konokono nawataja wote: mwenye gamba mgongoni, na koa asiye nalo. Tabia zao bustanini ni karibu moja, ila koa ni msumbufu zaidi kwa sababu bila gamba anapenya popote, hata kwenye ufa wa udongo. Mwili wake karibu wote ni maji, na ngozi yake haiwezi kuyazuia. Jua likimkuta nje amekwisha. Ndiyo maana anatoka usiku, au mchana wa mvua. Ulimi wake una maelfu ya vijino vidogo mno, kwa hiyo hakati jani bali analikwangua, na tundu analoliacha halina umbo maalumu. Na kila koa ni dume na jike kwa pamoja. Hakuna wa kusamehewa kwa kuwa hazai. Kila mmoja anaweza kutaga, na hutaga mayai kwa mafungu kwenye udongo wenye unyevu.

Lakini kabla ya kumhukumu, hakikisheni ni yeye. Wengi wanaletewa kesi ya sota wakaipeleka kwa konokono. Ukikuta mche umekatwa shingoni, umelala chini, na majani yake mazima, huyo si konokono. Chimba kwa kidole karibu na shina, utamkuta funza mnene wa rangi ya udongo amejikunja. Huyo ndiye sota, naye pia hufanya kazi usiku. Ukikuta matundu kwenye majani na vipunje vyeusi vya kinyesi juu yake, tafuta viwavi. Konokono anaacha saini yake: ute uliokauka, unaong'aa, kwenye jani au kwenye udongo. Nenda asubuhi na mapema kabla haujapotea. Hakuna ute, usimsingizie.

Sasa maji. Hapa ndipo penye uzito, na nitasema taratibu. Wengi wetu tunamwagilia jioni. Naelewa sababu: asubuhi mtu anawahi kiwandani au sokoni, jioni ndipo anapata nafasi, na jua limepoa. Lakini ukimwagilia saa kumi na mbili jioni, unamtandikia konokono njia nzima ya kutembelea usiku. Anateleza juu ya udongo uliolowa bila kupoteza maji ya mwili wake, anakula mpaka alfajiri, anarudi. Hamisha kumwagilia kuwe asubuhi. Mmea unapata maji yake, juu panakauka mchana, na usiku konokono anakuta njia kavu. Kama asubuhi huna nafasi kabisa, mtume mtoto kabla ya shule. Jerikeni moja haimchelewishi. Sijui dawa yoyote ya kununua inayolizidi badiliko hili, na halina gharama, labda ndiyo maana watu hawalithamini.

Kuna njia nzuri zaidi kwa nyanya, bilinganya na pilipili. Chukua chupa ya maji ya plastiki, toboa kifuniko chake kwa msumari mwembamba, kata kitako, izike kichwa chini karibu na shina, kisha ujaze maji kwa juu. Maji yanashuka kwenye mizizi polepole, na uso wa tuta unabaki mkavu. Wasiwasi wenu nausikia: uso mkavu, si ndio paka anaoutaka? Ndio. Tutafika.

Jambo la pili ni maficho. Bustani zetu ni ndogo. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, enzi zile za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, na aliyezipanga hakufikiri kwamba mtu angepanda mboga ya nakati kati ya ukuta na mfereji. Kwa hiyo tunalima kwenye magunia, kwenye matairi, kwenye madebe, jambo zuri sana. Lakini tairi lina mfuko wake wa ndani, pale mpira unapojikunja. Maji yanatuama humo, kuna giza, kuna ubaridi. Pitisha vidole chini ya ule mkunjo saa sita mchana. Utagusa kitu kinachonata, na ukikitoa utaona koa wamelala wamebanana, na pembeni yao fungu la mayai meupe, ya mviringo, yanayopitisha mwanga. Hayo mayai ndiyo konokono wa mvua ya Aprili. Yatoe, yaanike juani kwenye bati, yamekwisha. Kisha toboa tairi kwa chini ili maji yasituame. Gunia nalo, tazama pindo la chini linalogusa ardhi. Liinue juu ya matofali mawili matatu. Mbao zilizolala, mawe, jerikeni kuukuu, rundo la majani mliloling'oa juzi mkaliacha pembeni, vyote hivyo ni vyumba vya kulala.

Maficho hayo hayo unaweza kuyageuza mtego. Hapa sisi Waganda, Wasoga na majirani zetu tuna elimu tayari na tumeisahau. Mnajua jinsi wakulima wa matoke wanavyomtega fukusi wa migomba: unachukua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, unalikata kipande cha urefu wa mkono, unalipasua katikati, unakilaza kila kipande upande uliokatwa ukitazama chini. Fukusi anaingia, asubuhi unamwokota. Basi konokono naye anapapenda pale, kwa sababu ni baridi, ni bichi, na pana chakula. Laza vipande kando ya tuta, si juu yake. Kila asubuhi geuza, okota, tia kwenye ndoo yenye maji ya sabuni. Ganda la fenesi lililofunikwa kifudifudi linafanya kazi hiyo pia, na msimu wa mafenesi hapa hakuna asiyekuwa nalo. Lakini sikilizeni: kila asubuhi. Ukiweka mtego ukausahau, hukuweka mtego, umejenga nyumba. Na kipande kikianza kuoza kabisa, kipeleke kwenye mboji, hasa kama una migomba karibu, usije ukamwitia yule fukusi.

Wengine wamesikia habari za pombe. Ni kweli. Konokono huvutwa na harufu ya hamira, anaingia, anazama. Wazungu hutumia bia ya chupa, na huo naona ni ubadhirifu. Sisi tuna makapi ya malwa na ya kwete, pombe zetu za kienyeji za nafaka, yanatupwa nyuma ya kila kilabu. Yachanganye na maji, tia kwenye kikombe kuukuu, kizike lakini ukingo wake ubaki juu ya udongo kwa upana wa kidole, ili wadudu wazuri wanaotembea ardhini wasitumbukie. Na kwa ndugu zangu Waislamu msiotaka kileo kiingie uani: unga wa ngano kidogo, sukari kidogo, hamira na maji, uache uumuke. Konokono haulizi kama kimechachuka kwa ulezi au kwa ngano. Badilisha kila baada ya siku mbili tatu, na mvua ikinyesha weka kipande cha bati juu.

Majivu. Najua kila nyumba ina sigiri na kila sigiri ina majivu. Majivu makavu yanamzuia konokono, hilo halina ubishi, yanamnyonya unyevu. Yakilowa tu, yamekwisha kazi, na huku kwetu karibu na ziwa mvua haipigi hodi. Pia ukiyamwaga kila siku udongo unazidi kuwa na magadi, na mboga nyingi hazipendi. Yatumie kwa miche michanga tu, duara jembamba kuizunguka, siku za kiangazi. Tafadhali yasiwe majivu ya jiko mlilowashia mifuko ya plastiki.

Chumvi, hapana. Inamuua konokono mbele ya macho yako, na mtu hufurahi, lakini inabaki kwenye udongo na inaua na dodo pia.

Maganda ya mayai yaliyopondwa je? Chama cha watunza bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilifanya jaribio na kutoa matokeo 2018. Walipanda saladi, wakaizungushia maganda ya mayai, changarawe, magome ya miti, sufu na utepe wa shaba, kila moja kivyake. Saladi zile hazikupona zaidi ya zile ambazo hazikuzungushiwa kitu. Kwa hiyo yale maganda yawekeni kwenye mboji, yanafaa huko. Kahawa nayo inasemwa sana. Watafiti wa Hawaii, Marekani, waliandika 2002 kwamba maji yenye kafeini ya asilimia moja au mbili yanaua konokono. Robusta yetu ina kafeini nyingi kuliko arabika, kweli, lakini kikombe cha kawaida hakifikii kiwango hicho hata kwa mbali, na ukiifanya kali hivyo unaweza kuunguza majani. Kahawa uzeni, au mnywe.

Nani anamla konokono? Bata, kuliko wote. Kama una bata, mwachie apite bustanini asubuhi kwa muda mfupi kabla mboga hazijapandwa, au zikiwa zimekomaa na ngumu. Usimwingize kwenye kitalu, atamaliza saladi kwanza. Kuku anafukua mno, huyo ni sawa na paka. Chura anakula koa, kwa hiyo vijana, acheni kumpiga mawe. Na wale vimulimuli mnaowaona usiku wa mvua: watoto wao wanaishi ardhini na chakula chao ni konokono. Tandu naye humla koa mdogo, ingawa sitamwomba mtu amfuge.

Kuna punje za bluu zinazouzwa kama sumu ya konokono. Nyingi za aina hiyo zina metaldehaidi, ambayo Uingereza ilipiga marufuku kutumika nje 2022, kwa kuwa inaua na wanyama wengine. Mbwa na paka wakizila wanakufa vibaya, na mtoto wa kutambaa naye hajui kusoma karatasi. Sizitaki katika ua ambao watu wanapikia, wanaanikia nguo na kuoshea watoto.

Haya, paka.

Sisi hapa tuna paka wengi kuliko mitaa mingine, na sababu iko wazi: Masese. Mwalo wa pale una samaki, mukene, yaani dagaa, wanaanikwa, vichwa vinatupwa, paka wanazaana. Sasa mama mmoja, simtaji, anachukua matumbo ya sato anayazika chini ya nyanya kama mbolea. Mbolea ni nzuri mno. Lakini halafu anakuja kunilalamikia kwamba paka wamefukua nyanya! Matumbo ya samaki yaoze kwanza kwenye shimo la mboji lililofunikwa kwa bati na jiwe juu, mpaka harufu iishe, ndipo yaende bustanini. Hilo peke yake litapunguza ugomvi na nusu ya paka wa mtaani.

Mnaweza kuuliza kwa nini tusiwaachie paka, wanajisaidia tu. Hapana, hili ni la afya, na akina mama wajawazito wanisikilize. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Kikiwa kipya hakiambukizi. Kikikaa siku moja hadi tano kinakuwa tayari, na kwenye udongo wenye unyevu kinaweza kuishi zaidi ya mwaka. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kudhurika, macho au ubongo. Kwa hiyo mjamzito asishike udongo wa bustani kwa mikono mitupu. Avae glavu, na kama hana, mifuko ya plastiki mikononi, kisha anawe kwa sabuni. Na mboga zinazoliwa mbichi, saladi na nyanya, zioshwe jani kwa jani kwa maji safi. Hii inasaidia na kwa ute wa konokono pia, maana naye ana minyoo anayoweza kubeba.

Kumtegea paka samaki mwenye sumu ni jambo ninalolisikia, na ninalikataa mbele yenu wote. Paka aliyekufa analiwa na ndege kaloli na mbwa. Yule samaki anaweza kuokotwa na mtoto. Na mkimaliza paka, mtalala na panya. Nani hapa ana gunia la mahindi ndani? Basi.

Pilipili ya unga msimwage pia. Inaingia machoni mwa paka na mwa mtoto, na mvua moja inaiondoa. Maganda ya machungwa na malimau baadhi ya paka hawayapendi, yanasaidia siku mbili, harufu ikiisha paka anarudi. Mchaichai pembezoni mwa bustani pandeni kwa ajili ya chai, ukimchukiza paka ni faida ya bure.

Kinachomzuia paka kweli ni kumnyima nafasi ya kukunja miguu na kufukua. Hapa ndipo tunarudi kwenye tuta la mwenyekiti. Matandazo yaliyolala yanamficha konokono. Vijiti vilivyosimama havimfichi. Baada ya kupanda, chomeka vijiti vyembamba tuta zima, wima, umbali wa shubiri moja au pungufu, vimezidi udongo kwa urefu wa kiganja. Paka anakuja, anazunguka, hapati pa kuchuchumaa, anaondoka. Konokono hana chochote cha kujificha chini yake, na jua linafika kwenye udongo. Matawi ya bogenvilia mliyopogoa yanafaa kuliko vijiti vyote, ile miiba yake, ila yawekeni machache na yasilaliane. Mwenye wavu wa kuku autandaze juu ya tuta ukiwa umeinuliwa kidogo kwa mawe, kisha akate matundu ya miche. Na pandeni kwa karibu. Dodo ikishafunga tuta, paka haoni udongo wa kuchezea. Tatizo ni zile wiki za kwanza tu.

Miche ikiwa michanga, kila mmoja upate kola yake: chupa ya plastiki iliyokatwa juu na chini, imedidimizwa kidogo ardhini. Konokono anaweza kuipanda, lakini wengi hawafanyi, na paka hang'oi mche ulio ndani yake. Kitalu chenyewe kiwe juu ya meza, miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Mkiweka mafuta kidogo juu ya maji hayo mbu hawatazaa humo, msije mkaniletea malaria kwa jina la bustani.

Matandazo sikatai. Wakati wa kiangazi yanahitajika. Yasubiri tu mpaka mmea uwe na shina gumu, yawe makavu na membamba, nyasi au maganda ya kahawa, na yasiguse shina. Mvua ikianza, yasukume pembeni.

Na paka umpe choo chake. Msicheke. Chagua kona kavu ya ua, mbali na mboga na mbali na kisima, chini ya dari kama inawezekana. Mwaga mchanga wa ziwa, debe mbili tatu, uwe mlaini kuliko tuta lako. Chukua kinyesi kimoja ulichokikuta bustanini, kihamishie pale kwa koleo. Atanusa, ataelewa. Kila siku kiondoe kinyesi kabla hakijafika siku ile ya kuambukiza, kizike mbali au kitupe chooni. Majirani wakikubaliana, choo kimoja kinatosha nyua kadhaa, na hapo mwenyekiti ana kazi ya kutupatanisha nani anazoa wiki ipi. Asimpe mjamzito.

Nimesema mengi, na naona mama pale nyuma anatazama mawingu. Mashina ya migomba yapo nje, karibu na bomba, yamekatwa leo asubuhi. Kila nyumba ichukue vipande viwili, ivilaze leo kabla ya giza, kesho asubuhi mvigeuze. Vijiti mtakata wenyewe. Aliye na panga aje nalo hapa mbele, tuyapasue haya mashina kabla mvua haijatukuta.